Girizeli

Barua ilitoka Edinburgh, imefungwa kwa nta ya zambarau,
ya mzee wa miaka themanini na tisa, mwandiko unatetemeka:
nimtafutie Ledi Grizel wa Invercarra,
shangazi wa baba yake, aliyekuja Nairobi mwaka wa ishirini na sita
asirudi tena. Malipo kwa saa. Risiti za nauli nizihifadhi.

Ameambatisha mti. Wenzetu ukoo wao huuchora mti,
kisha huupindua, mzizi juu, matunda chini,
matawi yamenyooshwa kwa rula.
Mababa kumi na mmoja, kila mmoja na ngome yake
na vita alimofia.
Mama zao ni kistari. Kistari, kistari,
na mahali pamoja tu: "binti wa mwoka mikate."
Hapo nilicheka peke yangu kwenye chumba cha nyaraka,
karani akanitupia jicho.

Siku tatu nimekula vumbi la Moi Avenue,
glavu mkononi, penseli tu, wino marufuku.
Leseni ya gari. Faini ya gari lilelile.
Shamba Kabete. Kesi dhidi ya jirani, juu ya bata mzinga;
alishindwa, akakata rufaa, akashindwa tena.
Hakuolewa. Hakuzaa.
Sahihi yake imelala upande
kama nyasi zilizopigwa na mvua ya mawe.

Makaburini, mlinzi Muthengi alinionyesha kwa fimbo.
Jiwe limepasuka katikati ya jina:
GRI kule, ZEL huku,
na katikati mchicha, tena ule mzuri.
Nikapanguza kwa leso. Nikasoma kwa sauti
kama tunavyosoma sisi, kila konsonanti na irabu yake,
Gi-ri-ze-li,
nikaketi chini bila kupenda.

Shangazi yangu anaitwa Girizeli.
Miaka yote nilidhani ni jina la Kimaragoli,
la mabibi, kama Kageha, kama Mmbone.
Kwetu mtoto akilia usiku kucha
hutajiwa waliotangulia, mmoja mmoja, hadi anyamaze.
Yeye alimkataa Rasoha, akamkataa Kageha,
akanyamazia jina la mama yake mdogo aliyekufa kwa surua.
Na yule wa surua, alilipata wapi?

Nilimkuta Kangemi, cherehani inakimbia, sare za shule hadi darini.
"Bibi Kavugwi alikuwa dobi wa mzungu, Kabete.
Usiku wa uchungu mkunga alichelewa,
mzungu mwenyewe akashika taa."
Basi?
"Basi nini? Mwenye kushika taa hupewa jina,
hata kama taa ilimtetemeka."

Sasa naandika ripoti. *Hakuacha mzao.*
Sentensi naitazama, nayo inanitazama.
Kuna Girizeli wa Kangemi. Kuna wa Mbale, mwalimu wa hesabu.
Kuna wa Dubai, anayepiga pasi shuka za hoteli.
Wa nne ana miezi miwili, shingo bado haijakaza.
Damu hakuna, hata tone. Ngome hakuna.
Na kule Edinburgh mzee ndiye wa mwisho;
akifumba macho, mlango umefungwa.

Nimwambie? nilimuuliza shangazi.
Alikuwa na uzi menoni, akaukata kwanza.
"Mwambie jina tumelivaa, tukalifua, tukaliongeza pindo.
Akitaka kuliona, aje. Kulirudisha, hapana."

Chini ya jina la Grizel, kwa penseli,
nimevuta kistari kimoja, sikuandika kitu mbele yake.
Saa kumi na nne za kazi, nikajumlisha.
Na nauli: Kangemi, kwenda na kurudi.